Kokoto

Ofisi ya uvuvi ilinipa ndoo, chandarua,
saa ya kusimamisha na daftari lenye jalada la plastiki:
nenda Namukwasi, ukaone kama ningu bado wanapanda
tangu bwawa lilale juu ya maporomoko.

Lilale, nasema, kwa kuwa ndivyo lilivyofanya.
Zamani ukimtaka mtu wa ng'ambo ulimpungia mkono,
sauti ililiwa na mto ikingali kinywani.
Leo mtu wa Busoga akikohoa kwake
wa huku Kayunga anamwambia pole.

Samaki hawakufa. Hilo niliandika mstari wa kwanza.
Wamo bwawani, wamenenepa,
wanakwangua ukungu wa kijani kwenye visiki vilivyozama.
Ila kushiba si kuzaa.
Maji yaliyosimama hulisha, hayalei:
yai likitua humo tope hulifunika
taratibu, kama shuka inayovutwa hadi usoni.

Ningu ataka maji yenye haraka,
kina cha goti,
na chini yake mawe madogo, haya kama ndimu, haya kama kunde,
yenye upenyo kati yao. Upenyo tu.
Mahali pa kujibanza kitu kisicho na mikono.

Basi mvua ya Machi ikipiga huko juu,
kijito kikaingia bwawani na rangi ya chai ya maziwa,
wanainusa, wanageuka.
Nani aliwafunza, hawa waliozaliwa nyuma ya ukuta,
wasiowahi kusikia maji yakinguruma?
Daftari halina safu ya swali hilo.

Usiku wa tatu walipita.
Sikuwaona; nilisikia migongo ikisugua mawe,
mikia ikipiga kina kisichowatosha,
kama wanawake wanaofua nguo gizani kwa siri.
Nilizima tochi. Niliona haya.

Asubuhi akaja Naigaga na beleshi.
Kila siku huja, yeye na wanawe wawili,
huchota kijito karai kwa karai
wakingoja lori la saa nne.
Nikamwonyesha mayai kwenye kiganja changu,
mepesi, yenye mwanga, kama chenga za sago.
Akayatazama kwa muda.
"Mazuri," akasema. "Na ada ya muhula nitailipa kwa haya?"
Kisha, bila ubaya wowote:
"Wewe nyumba yako umeisakafia kwa nini?"

Nilirudi nyumbani jioni ile ya umeme,
saa ambayo mji mzima unapiga pasi
na bwawa linashuka shibiri moja kutulipia,
na chochote kilichotagwa ukingoni
kinakauka huku sare za shule zinanyooka.
Nilivua viatu. Nikasimama sebuleni.
Chini ya saruji, chini ya zulia la plastiki,
lori mbili za Namukwasi, nilizopatana bei mwenyewe,
nikajisifu kwamba nimepunguziwa.

Fomu inauliza: Hali ya sakafu ya mto.
Niliandika: Ipo.
Nikafuta.
Niliandika: Ipo kwangu.

Nyuma ya jiko kulibaki kichuguu cha kokoto,
kuku hulala juu yake.
Nikazioshea kwenye beseni, gunia moja,
mwenye bodaboda akaniuliza kama nina akili timamu,
akanidai nauli ya abiria wawili.

Naigaga alinikuta nimekunja suruali,
nazimwaga pale mkondo unapokaza.
Alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi.
"Kesho nitazichota tena, unajua."
"Kesho kutwa," nikamwambia. "Mtondo ikiwezekana.
Yai halitaki zaidi ya hapo."

Akahesabu kwa vidole,
siku ya lori, siku ya soko, siku ya ada.
Hakuniahidi kitu.
Akainuka, akapangusa sketi,
akawaita wanawe, wakahamishia beleshi
hatua thelathini chini ya kijito.